Sura ya Sita: Kafi Ndani ya Ngozi

Barabara ya kutoka Bunia kwenda Kasenyi ni ya kuteremka. Mji umekaa kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,275 kutoka usawa wa bahari. Ukishapita Bogoro, ardhi inakatika, na kule bondeni, ndani ya ukungu wa joto, unaliona Ziwa Albert limelala kwenye mita 620 hivi. Masikio yanaziba, koti linavuliwa. Akina mama wanaopanda na mizigo ya makayabu, samaki wa chumvi, wanaijua barabara hii kwa mgongo. Mimi naijua kwa swali ambalo limeshuka na kupanda nami miaka mingi: mbona katika maji yetu yote, kuanzia mto Shari pale mjini hadi ziwa lenyewe, hakuna hata mnyama mmoja mwenye kikono?

Nikisema kikono sisemi pezi la samaki. Samaki alizaliwa na mapezi yake, na baba yake vilevile, na babu wa babu yake. Kikono ni kitu kingine. Ni mkono au mguu wa mnyama ambaye wazee wake walitembea nchi kavu kama sisi, kisha wakarudi majini wakakaa huko, vidole vikazidi kukusanyika, ngozi ikavifunika vyote pamoja, hadi kilichokuwa kiganja kikawa kafi. Kasa anacho. Nguva, pomboo, nyangumi na sili wanacho. Pengwini amekitengeneza kutoka kwenye bawa. Kwa nje kikono cha pomboo ni laini kama jani la mgomba, lakini ndani yake mna mfupa wa mkono wa juu, mna miwili ya mkono wa chini, mna vifupa vya kifundo cha mkono, mna vidole. Kidole chako cha shahada kina vifupa vitatu. Unaweza kuvihesabu sasa hivi kwa kukikunja. Cha pomboo kinaweza kuwa na saba au nane, kimerefushwa kifupa kwa kifupa ndani ya ngozi isiyokunjika. Hakishiki kitu tena, hakikuni, hakifungui. Kinachobaki ni kuelekeza mwili ndani ya maji, na kazi hiyo kinaifanya vizuri kuliko mkono wowote.

Sasa tuangalie tulio nao sisi. Yuko fisi-maji mwenye madoa shingoni, ambaye miguu yake yote minne ina utando kati ya vidole hadi karibu na kucha. Huyo ni mwindaji wa samaki, anahitaji mwendo. Yuko binamu yake wa misitu ya Kongo, mkubwa zaidi, ambaye mikono yake ya mbele karibu haina utando wala kucha za maana. Yeye chakula chake kimejificha kwenye matope, na matope hupapaswa kwa vidole vilivyo huru. Mnyama anayehitaji vidole hawezi kuvishona pamoja. Ukitaka kujua fisi-maji anakula nini, mwangalie mikono.

Wa ajabu kuliko hao ni kirukanjia mkubwa wa majini, ambaye wataalamu wanamwita Potamogale velox, mkaaji wa vijito vya msitu wa Ituri. Paul du Chaillu alipomwandika mwaka 1860 kutoka Gabon, wasomi wa London walimtilia shaka. Mwili wake ni kama sentimita 30, na mkia unaukaribia urefu huo. Anawinda usiku, anapenda kaa. Mtu angetegemea kukuta miguu ya bata, lakini vidole vyake havina utando hata kidogo. Akiingia majini miguu anaibana mwilini, na kinachofanya kazi ni mkia, ulionenepa na kubanwa kutoka pande mbili, unaopiga kushoto na kulia kama wa mamba. Kwa hiyo maji na nchi kavu amevigawia viungo tofauti: mkia ni wa mto, miguu ni ya ukingo. Akitoka kwenye kijito kimoja kwenda kingine anakimbia kama kirukanjia yeyote.

Ziwani kuna kobe mwenye gamba laini kama ngozi iliyoloweshwa, Trionyx triunguis. Miguu yake ni mipana na ina utando, lakini kwenye kila mguu zimebaki kucha tatu, ndiyo maana ya jina lake la Kilatini. Bado anatoka kuchimba mchanga na kutaga. Na kiboko, ambaye watu wengi hudhani ni muogeleaji hodari, kwa kweli ni mtembeaji. Mwili wake ni mzito kuliko maji. Anakwenda juu ya sakafu ya ziwa kwa vidole vinne vya kila mguu, anajirusha, anatua, anajirusha tena, na giza likiingia anapanda malishoni.

Wote hawa wamesimama katikati ya safari, na nina sababu ya kuamini kwamba si kwa uzembe wa maumbile. Bunia iko karibu na mgongo unaogawa maji ya bara hili. Tone linaloanguka upande wa Shari linaingia Ituri, Ituri inageuka Aruwimi, Aruwimi inaingia mto Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Tone linaloanguka upande wa pili wa mlima linashuka Ziwa Albert, linaondoka na Nile, na mwisho wake ni Mediterania. Na njia zote mbili zimefungwa kwa mawe. Nile ina mageti yake ya mawe kuanzia Nimule hadi Aswan. Kongo, kati ya Kinshasa na Matadi, inaporomoka kwa zaidi ya kilomita 300, geti baada ya geti.

Sisi Wakongo tunao wanyama wenye vikono, ila wako mwisho kabisa wa nchi, Muanda, kwenye pwani yetu fupi isiyofika kilomita 50. Hapo kuna hifadhi ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992, na ndani ya vijito vyake anaishi nguva wa Afrika Magharibi, ambaye waliosoma Kifaransa wanamwita lamantini. Ni mnyama mpole, mla majani, na ndugu zake wa karibu ni tembo. Kwenye ncha za vikono vyake bado kuna kucha, kucha kama za tembo, zilizosahauliwa pale kama vifungo vya koti ambalo halifungwi tena. Kasa nao hupanda fukwe za Muanda kutaga.

Nguva huyo huogelea mto Kongo ya chini, anakula, anazaa. Anapofika kwenye maporomoko, anakoma. Juu ya maporomoko kuna maelfu ya kilomita za mito yenye majani ya kumtosha, na hajaonja hata moja. Mamba amepita. Kiboko amepita. Fisi-maji amepita. Wao wakikuta maji yanaruka mawe, wanapanda ukingoni, wanazunguka kwa miguu usiku mmoja au miwili, wanaingia tena juu. Nguva hana mguu wa kuzungukia. Hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu la barabara ya Kasenyi: kikono kinakupa maji yote yaliyo mbele yako, kwa bei ya njia yote iliyo kando yake. Katika nchi ya milima na maporomoko kama yetu, bei hiyo hakuna aliyeweza kuilipa.

Hata samaki wanatoa ushahidi huo huo. Kapiteni tunayemnunua sokoni Bunia, yule ambaye Mwanza wanamwita sangara na Kisumu mbuta, ni mwenyeji wa Ziwa Albert tangu zamani. Kati yake na Ziwa Victoria yako maporomoko ya Murchison, ambapo Nile inajibana kwenye ufa mwembamba na kuanguka zaidi ya mita 40. Mapezi yake hayakumvusha. Miaka ya 1950 watu ndio waliomvusha, ndani ya vyombo vya maji, kwa njia ya nchi kavu. Na alipofika juu akamaliza mamia ya aina za samaki wadogo ambao maporomoko yalikuwa yamewalinda. Mtu akitaka kuelewa uzito wa ukuta wa mawe mtoni, aanze na habari hiyo.

Ziwa Albert lina samaki mwingine, polipterusi, mrefu kama nyoka, mwenye msururu wa mapezi madogo mgongoni na mawili manene nyuma ya kichwa. Ana mapafu. Mwaka 2014 Emily Standen na wenzake nchini Kanada walichapisha habari za polipterusi wachanga waliolelewa miezi minane mahali penye unyevu tu badala ya maji. Walijifunza kutembea kwa mapezi, wakainua vichwa, wakaweka mapezi karibu zaidi na mwili ili yasiteleze, na hata mifupa ya mabega ikabadilika umbo. Kwa hiyo mlango ambao nguva aliutoka kurudi majini, kuna samaki wa Kasenyi anayeweza kuuchungulia kutoka upande wa pili.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote kimetokea mashariki yetu, Kenya, kwenye nchi kavu ya Turkana. Mwaka 1964, mahali panapoitwa Loperot, palipatikana kipande cha fuvu na taya la nyangumi. Nyangumi, katikati ya jangwa, kilomita 740 kutoka ufuko wa leo wa Bahari ya Hindi! James Mead aliandika kuhusu mfupa huo mwaka 1975. Kisha ukapotea. Ulikuwa umepelekwa Marekani, ukazama kwenye makabati ya makumbusho, na Louis Jacobs, aliyewahi kufanya kazi katika makumbusho ya taifa ya Kenya, aliutafuta kwa takriban miaka 30 hadi ulipoonekana tena Harvard mwaka 2011. Umri wake ni miaka milioni 17.

Alikuwa nyangumi mwenye mdomo mrefu, mwenye urefu wa kama mita 7. Kikono chake hakikuokotwa, lakini ndugu zake walio hai wana vikono vidogo ambavyo huviingiza kwenye vibonyeo vya ubavuni, kama mtu anayetia mikono mfukoni, ili mwili upite majini bila kizuizi. Huyu alipotea njia. Aliingia mdomo wa mto mkubwa na kuendelea kupanda, siku kwa siku, hadi mahali ambapo hakuweza kugeuka.

Hapo ndipo uzuri wa ushahidi wake ulipo. Loperot ya leo iko mita 620 juu ya bahari, kimo kilekile cha Ziwa Albert letu. Nyangumi hapandi mita 620 za mto, kwa sababu mto wa namna hiyo una mawe na maporomoko, naye hana mguu. Basi alipofika pale, pale palikuwa chini. Henry Wichura na wenzake, katika makala ya mwaka 2015, walikadiria kwamba wakati ule Loperot ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Ardhi ya Afrika Mashariki iliinuka baadaye, ikambeba marehemu mgongoni. Kuinuka huko ndiko kulikokausha misitu ya upande ule na kufungua mbuga. Wanajiolojia wana vyombo vingi vya kupimia milima. Hapa kipimo kilikuwa mnyama ambaye mwili wake ulikosa uwezo wa kupanda. Kila ninaposimama juu ya ukingo wa bonde baada ya Bogoro na kutazama ule mteremko, namkumbuka. Na kiboko aliyeko kule chini ndiye ndugu wa karibu kuliko wote walio hai wa ukoo wa nyangumi. Mmoja aliondoka na kuacha miguu. Mwingine alibaki nayo, akabaki na Kasenyi.

Nieleze kidogo kwa nini kikono kina nguvu. Mvuvi akiwa kwenye maji mafupi anatumia pondo: anachoma chini, ardhi inamrudishia nguvu yake yote. Kwenye kina pondo halifiki, anachukua kafi, na kafi halina ardhi ya kusukuma; linasukuma maji, na maji yanakimbia. Ukisukuma maji kidogo kwa kasi kubwa, jasho lako linapotelea kwenye povu. Ukisukuma maji mengi polepole, mtumbwi unakwenda na mkono hauchoki. Upana ndio siri. Bata anapanua utando anapopiga nyuma na kuukunja anaporudisha mguu. Kasa hafanyi hata hivyo: kikono chake cha mbele hupanda na kushuka kama bawa, na maji yanayopita juu na chini yake humsukuma mbele katika pande zote mbili za pigo.

Mguu wa binadamu ni wa njia. Ni mwembamba, umepinda kwa pembe, umejengwa kubeba mwili kutoka kisigino hadi vidoleni. Majini ni kama kupiga kafi kwa mpini. Sisi wa Ituri hatuhitaji kufundishwa hilo. Mwanzoni mwa mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu waliikimbia vita kwa kuvuka Ziwa Albert kwenda Uganda, na baadhi ya mitumbwi ilipinduka. Waliozama hawakukosa ujasiri wala miguu yenye nguvu; wengi wao walikuwa wametembea siku nzima milimani kabla ya kufika majini. Miguu hiyohiyo ndani ya maji haikuwa na cha kukanyaga. Nalisema kwa uchungu: watoto wengi wa ufukwe wa ziwa wanakua bila mtu wa kuwafundisha kuogelea kwa utaratibu, na jaketi la kuokolea bado linahesabiwa kuwa anasa.

Kuongeza upana wa kiungo ni wazo la zamani. Benjamin Franklin, akiwa mtoto huko Boston mwanzoni mwa karne ya 18, alijichongea vibao viwili vya mbao vyenye tundu la kidole gumba, akavishika viganjani. Akaenda kasi zaidi, lakini vifundo vya mikono vikachoka. Misuli mikubwa ya binadamu iko mapajani, kwa hiyo upana unapaswa kukaa miguuni, tena uwe wa kitu kinachopinda. Hilo lilingoja mpira. Louis de Corlieu, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, aliwaonyesha wenzake mapezi yake ya kwanza mwaka 1914, na mwaka 1933 akapata hati ya ubunifu. Owen Churchill wa Los Angeles, bingwa wa Olimpiki wa mashua za tanga wa mwaka 1932, aliona Tahiti vijana wakiogelea na mpira miguuni, akanunua haki kutoka kwa de Corlieu, na mwaka 1940 akauza jozi 946. Kisha Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikapamba moto, na majeshi ya majini yakawavalisha wapiga mbizi wao mapezi hayo. Watu wakawaita vyura.

Siwezi kuandika neno mpira nikiwa Kongo na kupita haraka. Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Uholanzi vya Asia, na mpira mwingi wa dunia ukakatika. Kila kitu cha mpira vitani, kuanzia tairi za ndege hadi mapezi ya vyura, kilitegemea akiba iliyobaki na mashamba yaliyobaki. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipandisha siku za kazi ya lazima kwa wanakijiji wa Kongo kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kugema mipira ya porini, katika nchi ambayo wazee wake walikuwa bado wanakumbuka mikono iliyokatwa enzi za Leopold wa Pili kwa ajili ya mpira uleule. Historia za upigaji mbizi nilizosoma hazina ukurasa huo. Unastahili kuwemo.

Faida ya mapezi inapimika. Mwaka 2016 William Trubridge alishuka mita 102 kwa pumzi moja, mikono na miguu mitupu. Mwaka 2018 Alexey Molchanov, akiwa amefunga miguu yote miwili ndani ya pezi moja pana kama mkia wa pomboo, alishuka 130. Ziwa Albert halifiki mita 60. Wote wawili wangegusa tope letu.

Mimi nilivaa mapezi mara ya kwanza Nungwi, kaskazini ya Unguja. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye bwawa la Mnarani, ambalo bahari hulijaza kupitia miamba, nikitazama kasa. Kwa mara ya kwanza nilikiona kikono kikifanya kazi umbali wa mkono wangu: pigo moja, mwili mzito unateleza, pigo la pili halina haraka. Halafu mmoja akapanda kwenye mchanga kufuata majani ya mwani, na yule mrukaji wa majini akawa mzigo. Alijivuta kwa vikono, akapumzika, akajivuta tena, akiacha nyuma mchirizi kama wa gunia lililoburutwa.

Mchana kijana mmoja wa pale alinipa jozi ya mapezi meusi, nikayavaa nikiwa nimesimama ufukweni, nikaanza kwenda baharini. Hatua ya kwanza pezi lilichimba mchanga. Ya pili nikalikanyaga kwa mguu mwingine. Watoto walikuwa wakitazama, lakini hawakucheka. Nadhani walishaona wengi.

"Siyo hivyo, mzee wangu," kijana akaniita. "Geuka. Mtu mwenye mapezi huingia kinyumenyume."

Nikageuka, mgongo baharini, uso kwenye minazi na nyumba na barabara niliyojia. Nikainua kisigino, nikarudi nyuma hatua moja, nyingine, nyingine. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, uzito ukaanza kuniacha. Kijana akanionyesha kwa mkono kwamba sasa naweza kugeuka.